Thillana Mohanambal, Karakattakkaran au Sangamam: uanze na picha ipi ya ngoma ya Kitamil?

Shangazi yangu alikulia Tanga, enzi ambazo picha za Kihindi zilijaza majumba ya sinema na watu wakatoka wakiimba nyimbo ambazo maneno yake hawakuyajua. Nilipomwekea Thillana Mohanambal alitulia kama nusu saa hivi, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huyu steringi ataimba lini?"

Haimbi. Picha ina urefu wa karibu saa tatu, na Sivaji Ganesan hapewi hata ubeti mmoja. Yeye anapuliza. Kinywani ana nadaswaramu, zumari ndefu ya mbao inayopigwa kwenye mahekalu na harusi za kusini mwa India, na kila ambacho steringi wa picha nyingine angekisema kwa wimbo, huyu anakitoa kwa pumzi. Shangazi alipolielewa hilo alisogeza kiti mbele, na hakuuliza tena.

Tangu siku hiyo, mtu akinitaka nimchagulie picha ya ngoma ya Kitamil simwulizi anapenda waigizaji gani wala picha za miaka ipi. Namwuliza masikio yake yamezoea nini. Kwa sababu picha tatu ninazozipenda kuliko zote katika aina hii, Thillana Mohanambal ya 1968, Karakattakkaran ya 1989 na Sangamam ya 1999, zinasimulia karibu kisa kilekile. Kinachozitenga ni muziki, na muziki ndio utakaoamua kama utaifikisha picha mwisho au utaizima njiani.

Jambo moja la kujua kabla ya yote. Hizi si picha za Bombay. Zimetengenezwa kwa Kitamil, lugha ya jimbo la Tamil Nadu, na sinema yake ina makao Chennai, mji uliokuwa ukiitwa Madras. Kihindi ulichookota kwenye picha za zamani hakitakufikisha mbali, kwa hiyo tafuta nakala yenye tafsiri ya maandishi chini. Usikubali kuitazama bila tafsiri kwa kudhani ngoma zitajieleza zenyewe. Zitajieleza nusu tu.

Kisa kimoja mara tatu

Mwongozaji A. P. Nagarajan aliitoa Thillana Mohanambal katika riwaya ya Kothamangalam Subbu iliyokuwa ikitoka kwa mfululizo kwenye jarida la Ananda Vikatan. Sikkal Shanmugasundaram, anayechezwa na Sivaji, ni bingwa wa nadaswaramu, mtu wa heshima zake na hasira za karibu. Mohana, anayechezwa na Padmini, ni bingwa wa bharatanatyamu, ile ngoma ya njuga miguuni na macho yanayosema. Wanapendana siku wanayosikiana na kuonana, na kuanzia hapo kila mmoja anataka mwenzake akiri kwanza kwamba ameshindwa. Wanaishia kupambana mbele ya watu: yeye apulize, Mohana acheze, tuone nani atachoka. Pembeni yupo mama yake Mohana anayetaka binti apate tajiri wa kumtunza, na yupo Vaithi, kuwadi mwenye maneno matamu, aliyechezwa na Nagesh kwa namna ambayo unamchukia huku ukimsubiri arudi.

Karakattakkaran imetelemsha kisa hicho kutoka hekaluni hadi kijijini. Muthaiya na Kamakshi wote wawili ni wachezaji wa karakattamu, ngoma ya kucheza na mtungi uliopambwa kichwani bila kuushika. Kila mmoja ana kikundi chake na kijiji chake. Tamasha linawakutanisha, mapenzi yanaingia, mkubwa wa kijiji mwenye tamaa anaingia kati, na mwisho kabisa inabidi mtu akanyage makaa ya moto mbele ya mungu wa kike Mariamman.

Sangamam yenyewe imeligawa pambano kati ya nyumba mbili. Baba wa kijana ni kiongozi wa kikundi cha ngoma za vijijini. Baba wa binti ni mwalimu mkubwa wa bharatanatyamu anayeamini kwamba ngoma za kijijini ni kelele za watu wasio na adabu ya sanaa. Vijana wanapendana, wazee wanashindana. Kwa hiyo hapa hakuna tena suala la mwanamume na mwanamke kupimana ubingwa. Suala ni ngoma ipi ina haki ya kuitwa sanaa.

Ukitaka nikuchagulie kwa kisa peke yake, ningesema 1968, na nisingehitaji kueleza zaidi. Ni picha pekee kati ya hizi tatu ambamo wahusika wa pembeni wana maisha yao kamili. Manorama, kama Jil Jil Ramamani, msanii wa kikundi cha maigizo, ana sehemu ndogo tu, lakini watu wa kule bado wanamtaja kwa jina hilo nusu karne baadaye.

Masikio yako yako wapi?

Tuanze na nadaswaramu, maana ndiyo inayowatisha wageni. Ni ndugu wa nzumari yetu ya pwani: mwanzi wa midomo miwili mdomoni, mwili wa mbao unaopanuka kuelekea chini, na sauti iliyoumbwa isikike uani, barabarani na mbele ya maandamano. Tofauti ni urefu, na urefu ndio unaompa mpigaji nafasi ya kuivuta sauti kutoka noti moja hadi nyingine kama mtu anayelia kwa kujizuia. Aliyekaa karibu na nzumari harusini au kwenye ngoma anajua kwamba chombo hiki hakibembelezi. Kinakuingia.

Sivaji hakuipiga mwenyewe. Sauti unayoisikia ni ya ndugu wawili wa Madurai, M. P. N. Sethuraman na M. P. N. Ponnusamy. Ila mtazame shingo, mashavu na vidole vyake, na jinsi anavyomgeukia mpiga ngoma wake kabla ya kumwachia nafasi, halafu uniambie ni wapi ulipoona uongo. Kando yake inapigwa tavili, ngoma ya pipa ambayo mkono mmoja unashika kigongo na vidole vya mkono wa pili vimevikwa vikofia vigumu, ndiyo maana inagonga kama mvua ya mawe juu ya bati. Mtunzi wa muziki, K. V. Mahadevan, alikuwa na ujasiri wa kuviacha vyombo hivi vizungumze kwa muda mrefu bila kuvifunika kwa vinanda vya studio. Mwaka 1968 huo haukuwa uamuzi mdogo.

Nyimbo za kuimbwa ni chache. P. Susheela anaimba zile mbili kubwa. Ya kwanza ni Maraindhirundhu. Shanmugasundaram amejificha nyuma ya nguzo ili amwone Mohana akicheza, kwa kuwa kiburi hakimruhusu kukaa na watazamaji, na Mohana anajua yupo. Anacheza mbele ya umati mzima huku akimwuliza mtu mmoja tu siri ya kutazama kwa kificho. Wimbo unaanza kwa raga, yaani mpangilio wa noti, iitwayo Shanmukhapriya, maana yake ipendwayo na Shanmukha. Jina la mpenzi wake limo ndani ya raga yenyewe. Mtamil anayejua muziki anatabasamu kabla neno la kwanza halijaisha. Sisi wengine inabidi tuambiwe, ndiyo maana nimekuambia.

Sasa Karakattakkaran. Hapa mtunzi ni Ilaiyaraaja, na mwongozaji ni Gangai Amaran, mdogo wake wa tumbo moja. Hawa walikulia kijiji cha Pannaipuram na wakazunguka vijiji na kikundi cha muziki cha kaka yao mkubwa, Pavalar Varadarajan, tangu wakiwa vijana. Picha inayohusu vikundi vya ngoma vinavyosafiri, vinavyopunjwa malipo na kulala popote, kwao ni kumbukumbu. Unaisikia katika mapigo. Nadaswaramu ipo pia, lakini hii si ile ya hekaluni yenye utulivu. Ni zumari ya mtaani, ya haraka, ya kumfanya mchezaji asipate nafasi ya kuvuta pumzi. Nyuma yake ngoma zinakwenda kwa mapigo ambayo mtu wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa. Mguu unaanza wenyewe.

Maanguyile Poonguyile, ulioimbwa na S. P. Balasubrahmanyam na S. Janaki, ndio wimbo wa kujaribia. Mpe dakika mbili mtu asiyejua lolote kuhusu India. Akianza kupiga meza kwa vidole, mpe Karakattakkaran, umemaliza kazi. Picha hii ilikaa kwenye sinema moja mjini Madurai zaidi ya mwaka mzima, na sioni ajabu yoyote.

Katika Sangamam mtunzi ni A. R. Rahman, miaka saba baada ya picha ya Roja kumfanya jina la kila nyumba. Na hapa lazima niseme kweli hata kama itawaudhi wanaoipenda: muziki wa Sangamam ni mkubwa kuliko picha yake. Picha haikufanya vizuri sokoni, na ukiitazama utaelewa kwa nini. Kuna vichekesho vilivyobandikwa, kuna wapenzi wawili wasiochemka. Lakini sauti zake! Neno lenyewe sangamam maana yake ni makutano, kama mito inapokutana, na Rahman amelichukua jina hilo kama amri. Margazhi Thingal unaanza kwa ushairi wa kale wa Andal, mtakatifu mwanamke wa Kitamil, na kuuingiza polepole katika mapenzi ya leo, huku S. Janaki, sauti ileile ya Maanguyile, akiwa amekomaa kama mvinyo wa zabibu. Mazhai Thuli una sauti ya Hariharan iliyosafishwa, na pembeni yake M. S. Viswanathan, mtunzi mkongwe aliyekuwa akitawala sinema ya Kitamil tangu miaka ya 1950, anaingia na sauti yake chakavu ya mzee. Kumweka mzee huyo kando ya Hariharan ni makutano kuliko jambo lolote wanalolifanya wahusika kwenye skrini. Mashairi ni ya Vairamuthu, aliyepata tuzo ya taifa ya utunzi wa nyimbo kwa wimbo mmoja wa picha hii, Mudhal Murai.

Kwa hiyo kwa Sangamam ushauri wangu ni tofauti na zile nyingine mbili. Sikiliza nyimbo kwanza, bila picha, kwa siku kadhaa. Ziache zikuingie ukiwa kwenye daladala au jikoni. Kisha tazama picha. Ukifanya kinyume utazihukumu nyimbo kwa makosa ya picha.

"U mzima?"

Kuna jambo moja ambalo kwangu linazitenganisha picha hizi tatu kuliko maelezo yote niliyotoa.

Katika Thillana Mohanambal, baada ya pambano lao kubwa, Shanmugasundaram anajeruhiwa na adui. Mapenzi yao bado hayajapata ruhusa ya mtu yeyote. Wanakutana tena hadharani, yeye akiwa na zumari yake, Mohana akiwa na njuga, na umati umekaa kati yao. Hawawezi kusemezana. Ndipo Mohana anapocheza Nalandhana, mashairi ya Kannadasan, na swali la wimbo ni salamu tu: u mzima? Mwili na moyo, vyote vizima? Kwa watu waliokaa pale hiyo ni ngoma ya kawaida ya mwanamke anayemwuliza mpenzi wake wa kishairi. Kwa mtu mmoja ni swali la kweli linalosubiri jibu, na jibu analitoa kwa zumari. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi na sijapata bado kuitazama nikiwa mkavu. Macho ya Padmini yanauliza, mikono yake inaficha, na Sivaji anajaribu kupuliza huku uso umemjaa. Sisi watu wa pwani tunaojua jinsi ubeti wa taarabu unavyoweza kumfikia mtu mmoja ndani ya ukumbi wa watu mia tatu, tuko nyumbani kabisa hapa.

Miaka 31 baadaye, Sangamam nayo ina wimbo wa bharatanatyamu unaouliza swali hilohilo: Sowkiyama, u salama? Anaimba Nithyasree Mahadevan, binti wa ukoo wa waimbaji wakubwa wa muziki wa kale, mjukuu wa D. K. Pattammal. Wimbo ni wa kasi, umejaa silabi za mapigo zile wanazozitamka walimu wa ngoma, na sauti yake inazikata kama kisu kipya. Ni wimbo wa kushangaza kwa ufundi. Ila swali lenyewe halina uzito uleule, kwa sababu hakuna aliyejeruhiwa na hakuna ukuta unaowazuia wawili hawa kuulizana kwa mdomo. Salamu imekuwa pambo. Hapo ndipo utakapoona kwa nini nasema picha ya 1968 ina kitu ambacho ufundi wa studio hauwezi kukinunua.

Na Karakattakkaran? Yenyewe haiulizi. Wimbo wake wa mapenzi, Indha Maan, ambao Ilaiyaraaja ameuimba mwenyewe pamoja na K. S. Chithra, unatamka moja kwa moja: paa huyu ni wako. Kijijini hakuna muda wa mafumbo. Sauti ya Ilaiyaraaja si ya mwimbaji aliyefunzwa kupendeza. Ina ukwaruzo, ina udongo, na kwa mistari ya namna hiyo ninaipenda kuliko sauti yoyote laini.

Kwa anayetazama miguu

Kama wewe mwenyewe unacheza, au unafundisha watoto ngoma, hesabu yako itakuwa nyingine kidogo.

Padmini alikuwa mchezaji tangu utotoni, mmoja wa madada watatu wa Travancore, pamoja na Lalitha na Ragini, waliojulikana kwa ngoma kabla ya kujulikana kwa uigizaji. Hii ina maana kamera haihitaji kumdanganyia. Nagarajan anaweza kuiacha ikae, tukamwona kuanzia kichwani hadi unyayoni, magoti yamefunguka, mgongo umenyooka, mguu wote ukipiga chini na njuga zikijibu tavili. Thillana yenyewe, iliyoipa picha jina, ni kipande cha kufungia onyesho la bharatanatyamu: maneno machache, silabi za mapigo nyingi, kasi inayopanda. Ndiyo sababu pambano lao lipo kwenye thillana. Hapo hakuna hadithi ya kujifichia, kuna pumzi na miguu tu. Na ninavyoipenda picha hii ni kwamba mshindi halisi hajulikani kirahisi. Shanmugasundaram mwenyewe ndiye anayempa Mohana jina la heshima la Thillana Mohanambal. Mtu mwenye kiburi kile! Ukubwa wa tendo hilo unaupata tu kama umevumilia saa zote za hasira zake.

Kuhusu karakattamu wa 1989, nitakuwa mkweli. Ramarajan si mchezaji wa kukuacha mdomo wazi, na Kanaka alikuwa binti mdogo kwenye picha yake ya kwanza. Wanabebwa na muziki na wale wanaowazunguka, hasa Goundamani na Senthil, wapiga vyombo wa kikundi, ambao vichekesho vyao vya ndizi mbili vinajulikana kwa kila Mtamil hadi leo. Ila kuna kitu picha hii inakionyesha ambacho zile nyingine hazina: ngoma kama kazi. Kusafiri, kungoja malipo, kubishana na wenye tamasha, kuvaa mapambo ukiwa na njaa. Mtungi kichwani si wa urembo tu. Asili yake ni ibada kwa Mariamman, anayeombwa mvua na kinga dhidi ya maradhi, na wimbo wa Mariamma unapofika mwishoni na makaa yakiwa yamewashwa, picha iliyokuwa ikikuchekesha inageuka kuwa ibada mbele ya macho yako.

Sangamam ina mchanganyiko wa ngoma nyingi zaidi kuliko zote, kwa hiyo mwalimu wa ngoma atapata mengi ya kulinganisha. Lakini kamera ya 1999 inakatakata sana. Unaona mkono, unaona uso, unaona watu hamsini, mguu huuoni. Aliyenifanya nisiizime ni Manivannan, kama baba wa kikundi cha kijijini. Hachezi sana. Anasimama tu, anaangalia sanaa yake ikidharauliwa, na unamwamini. Na wimbo wa Alalakanda unaomwita mungu Shiva kwa jina la yule aliyebeba sumu kooni, baba wa michezo yote, ni wimbo wa mtu anayecheza huku amemeza kitu kichungu. Maana ya jina hilo ukiijua mapema, wimbo utakupiga mara mbili.

Uko na nani leo usiku?

Ukiwa na familia nzima sebuleni, watoto wakiwemo na wageni wanaoingia na kutoka, weka Karakattakkaran. Inasamehe kelele. Mtu akitoka kwenda kuchota chai hatapotea. Wachache watalalamikia utani wa kumcheka mtu kwa sura yake, ambao haujazeeka vizuri, na hilo nalikubali.

Ukiwa peke yako, au na mtu mmoja mnayeelewana kimya, ni Thillana Mohanambal, na uzime simu. Igawanye mara mbili ukitaka; sehemu ya mtawala wa Madhanpur, iliyochezwa na M. N. Nambiar, inarefuka kuliko inavyostahili, na hapo ndipo wengi wanapochoka. Vumilia. Angalia pia safari yao ya treni, wanapoketi kwenye behewa lililojaa ndugu na wapiga vyombo, na mazungumzo yote ya mapenzi yanafanyika kwa macho. Picha ilipata tuzo ya taifa ya filamu bora ya Kitamil, ila hata bila tuzo, behewa hilo lingetosha.

Sangamam ni ya mpenzi wa Rahman, na ni ya yule aliyewahi kubishana kama ngoma ya kijijini kwao ni sawa na ile inayofundishwa chuoni. Ubishi huo haujaisha mahali popote ninapopajua.

Mwenye binti wa miaka tisa au kumi anayejifunza hip-hop kwenye simu, hizi tatu zote zitamshinda kwa sasa. Kuna Lakshmi ya 2018, ya mwongozaji A. L. Vijay, ambamo Prabhu Deva anamfundisha msichana mdogo, Ditya Bhande, anayecheza kwa siri kwa kuwa mama yake hataki kusikia habari za ngoma. Muziki wa Sam C. S. ni wa mashindano ya jukwaani, mapigo mazito, hauachi alama kubwa masikioni mwangu. Miguu ya yule mtoto ndiyo inayoacha.

Watu watakutajia pia Salangai Oli, na watakuwa na haki ya kuisifu, maana muziki wake ulimpa Ilaiyaraaja tuzo ya taifa. Sijaiweka hapa kwa sababu ilitengenezwa kwa Kitelugu, kwa jina la Sagara Sangamam, mwaka 1983. Ya Kitamil ni sauti zilizobadilishwa, na midomo ya waigizaji haiendi na silabi. Kwa picha ambayo uzima wake ni silabi, hilo linaniudhi. Itazame kwa Kitelugu.

Na kama baada ya Thillana Mohanambal utabaki na swali lililonibakia mimi, yaani kwa nini mama yake Mohana ana hakika kiasi kile kwamba mchezaji lazima awe na tajiri wa kumtunza, basi hatua inayofuata ni Sringaram, ya Sharada Ramanathan, iliyotoka majumbani mwaka 2007. Picha ya 1968 inaligusa jambo hilo kwa ncha ya kidole. Sringaram inalikabili. Inatupeleka miaka ya 1920, kwa wanawake waliowekwa wakfu kwa hekalu, waliorithishana ngoma hii kabla haijaitwa bharatanatyamu, na ambao desturi yao ilikuja kupigwa marufuku na sheria ya Madras ya mwaka 1947. Aditi Rao Hydari ndiye mchezaji wa hekalu. Muziki ni wa Lalgudi Jayaraman, mpiga fidla aliyejulikana kwa kutunga thillana kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake, na tuzo ya taifa ya muziki aliipata kwa picha hii. Ni ya polepole, haina mtu wa kukuchekesha, na shangazi aliniambia nisimwekee usiku.

Tuliitazama asubuhi ya Jumapili, madirisha yakiwa wazi. Ilipokwisha aliomba nimrudishie pale Padmini anapouliza "u mzima?"